Samaki Aliyetazama Nje

Mdiria akishika samaki, utazame mdomo wake kabla hujatazama bawa. Hurudi kwenye kijiti alichotokea, humpigapiga samaki hadi atulie, kisha humgeuza. Kichwa cha samaki kikielekea kooni, ndege anakula mwenyewe. Kikielekea nje, anampelekea mwingine, na wewe mpiga picha una muda mfupi tu wa kuelekeza kamera kule atakakotua. Wanaosifu picha zangu hudhani nina mkono mwepesi. Mkono wangu ni mzito kama wa mtu yeyote. Mimi humtangulia ndege, nikamngoja.

Mwaka ambao ziwa liliingia Kihoto, mtaa wetu, sikuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Maji ya Naivasha yalikuwa yamemeza shamba la maharagwe la mama yangu na kufika kwenye mti wa kamba ya nguo. Mdiria mdogo, mgongo buluu na mdomo mwekundu, akaufanya mti huo kituo chake, nami nikaketi kwenye kizingiti cha jikoni na kamera mapajani. Majirani walikuwa wameshahama. Ndugu zangu walinituma nimtoe mama, si nikapige picha za ndege, na walinikumbusha hivyo kila siku kwa simu, tena kwa ukali. Dada yetu alikuwa amemtayarishia chumba huko Molo.

Mama alikataa. Hakugombana na mtu. Alikataa huku akiendelea kuchambua mboga.

"Nikitoka hapa," aliniambia, "nyinyi mkikuja nyumbani mtakuja wapi?"

Hatukuwa tukija sana, na alijua. Tangu baba afariki tulikuwa tumetawanyika, lakini mama alipikia sufuria ileile kubwa, na kuku akichinjwa firigisi iliwekwa kando. Kwetu sisi watu wa magharibi, firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Baba alipozikwa ikawa yangu, mimi mwanawe wa kwanza, na nisipokuwepo aliikausha juu ya moto hadi nifike. Nilimtania kwamba siku moja itanivunja jino. Hakucheka.

Kwa kuwa habari za kuhama hakutaka kuzisikia, nilimpa habari za ndege. Nilimwonyesha jinsi anavyoinamisha kichwa mara mbili tatu kabla ya kujirusha majini, kisha nikamwambia kuhusu kile kichwa cha samaki. Hiyo ilimgusa. Akawa anaacha mboga na kuja kuketi nami, na kila samaki aliyemwona alikuwa ametazama nje. Ndege alikuwa na makinda kwenye tundu lililo ukingoni mwa shimo nyuma ya jikoni, shimo alilochimba baba akitafuta udongo wa kukandika kuta zilezile tulizoziegemea. Maji yalikuwa yakipanda shimoni pia. Mama alikwenda kulitazama shimo kila asubuhi kabla hajawasha moto. Niliogopa, kwa ajili ya makinda na kwa ajili ya mama, na sijui ni kwa nani zaidi.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, na kulipokucha maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti. Tuliketi ndani kidogo, mlango wazi. Mdiria alikuja kwenye mti wake, akainamisha kichwa, akajirusha, akapata. Akampiga samaki, akamgeuza kichwa nje. Nikahamia dirisha la nyuma, nikaielekeza kamera shimoni, na mama akanifuata.

Ndege alifika. Tundu halikuwepo, maji yalikuwa yamelifunika na kulala sawa na ardhi. Alipigapiga mabawa juu ya maji hayo, akazunguka, akarudi mtini, samaki bado mdomoni, bado ametazama nje. Tulirudi mlangoni tukamtazama. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilijua kitakachofuata, na kwa mara ya kwanza nilitamani niwe nimekosea.

"Sasa huyo samaki atampelekea nani?" mama akauliza.

Ndege akamrusha samaki kidogo, akamgeuza, akammeza. Sikupiga picha.

 Mama akaniambia nipigie mtu wa pikapu, naye akaenda kumkamata kuku wa mwisho, aliyekuwa amepanda juu ya mitungi ya maji. Alisema hawezi kumpeleka Molo akafe na baridi. Mimi nilifunga magodoro na masufuria, yeye akapika.

Chakula kilipoiva alipakua sahani mbili. Niliitafuta firigisi kwenye yangu kwa mazoea tu, sikuiona. Ilikuwa kwenye yake. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa, uso ameuelekeza mtini, akiitafuna polepole, machozi yakimtoka bila sauti. Kuku alikuwa mzee na nyama ngumu. Niliinamia sahani yangu ili nisimwone akimeza.