Gramafoni Isiyo na Hendeli

Watu huniletea gramafoni zao niwaambie zina umri gani, na karibu wote hufika na jibu lao tayari: ni ya Mjerumani. Huku Lushoto kila kilicho kizee ni cha Mjerumani, hata sufuria. Huwa siwajibu haraka. Naanza na kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Kama utando wake ni wa ulanga, unaong'aa kama kioo chembamba, huenda chombo ni cha zamani kweli. Kama ni wa alumini, kimekuja baadaye. Kisha natazama pembe, kama iko nje au imefichwa ndani ya sanduku. Kibao cha jina sikiamini hata kidogo. Vibao huhamishwa, na mafundi wetu wamezoea kuiozesha pembe ya hii kwa sanduku la ile. Skrubu ndizo zinazosema kweli, kwa sababu iliyofunguliwa mara nyingi kichwa chake hulika.

Hendeli huwa siiulizii mwanzoni. Kila mtu anajua kwamba gramafoni ina hendeli ya kukazia springi. Mimi nililelewa na gramafoni isiyo nayo, na ndiyo iliyomnyima baba yangu mazishi ya Kikristo.

Baba alikuwa mtunza bustani wa mama mmoja wa Kizungu, mlowezi, aliyekaa juu kidogo ya mji. Baada ya Uhuru yule mama alifunga virago akarudi kwao, akamwachia baba gramafoni na santuri zake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Chini ya sahani inayozungusha santuri palikuwa na mtungi wa chuma, na chini ya mtungi taa ndogo ya spiriti. Unawasha taa, unasubiri mtungi upate moto, unaisukuma sahani kwa kidole, na hewa iliyopata joto mle ndani inaendelea kuizungusha. Leo najua kwamba za namna hii ni chache, na kwamba zilitengenezwa miaka michache kabla ya ile vita ya kwanza ya Wazungu. Siku zile nilijua tu kwamba ya kwetu inanuka kama zahanati.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri asiyeonja hata togwa lililolala. Anasa yake ilikuwa hiyo moja. Jumapili baada ya ibada aliiwasha, tukasikiliza bendi ya matarumbeta huku mama akimenya viazi.

Ukaja Ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji alihitaji kitu cha kuwaitia watu kwenye shamba la pamoja, akaja kuazima pembe, na baba akaitoa kwa moyo mweupe pamoja na ule mkono wenye kichwa cha sindano. Wakaikata ncha ili ienee midomoni mwa mpiga mbiu, na kichwa cha sindano watoto wakakichezea mpaka kikapotea. Mimi nilikasirika. Baba hakukasirika. Alikunja karatasi ya kalenda ikawa pembe, akachomeka sindano kwenye ncha, akaishikilia juu ya santuri. Bendi ikaimba kwa sauti ya mbu, lakini ikaimba.

Kisha spiriti ikaadimika madukani, kama sabuni na viberiti. Ndipo baba, bila kumwambia mtu, akaanza kununua gongo, ile pombe kali iliyopigwa marufuku. Hakuinywa. Aliimimina kwenye taa yake, ikawaka vizuri tu.

Harufu haina adabu. Jirani alinusa, mgambo wakaja, na walichokikuta ni sanduku lisilo na pembe wala hendeli, lenye mtungi wa chuma, na chini yake taa inayonuka gongo. Ungekuwa wewe ungesema nini? Walisema ni mtambo wa kupikia gongo. Mmoja alijitwika sanduku kichwani, wengine wakamsukuma baba mbele yao hadi ofisi ya kata. Walimlaza kwenye sakafu ya saruji msimu wa ukungu, wakautafuta ule mrija wa kutonesha pombe, na walipoukosa wakamwachia. Alirudi na sanduku lake na kikohozi ambacho hakikumtoka tena.

Serikali ilimaliza, kanisa likaanza. Wazee wenzake walimweka chini ya marudi. Asiyejua marudi na ashukuru. Unakaa benchi la nyuma, Meza ya Bwana huikaribii, na ukifa katika hali hiyo kengele haipigwi, mchungaji haji, na kwaya haifungui kinywa kaburini. Utatoka tu siku utakaposimama mbele ya usharika wote na kuitubu dhambi uliyoandikiwa. Dhambi aliyoandikiwa baba ilikuwa ulevi na kupika gongo.

Nilikuwa nafundisha shule Mombo. Nilipanda mlima nikamkuta amekonda, kajifunika blanketi mchana.

"Kukaa nyuma naweza," aliniambia. "Lakini sitaki kufukiwa kama mbwa, mwanangu."

"Tate, hutafukiwa hivyo," nilisema. Tate ndiyo baba kwa Kishambaa, na nyumbani hatukumwita vinginevyo.

Nilimwomba muuguzi wa zahanati spiriti kidogo, akanipa. Siku ya baraza la wazee nililibeba sanduku mpaka kanisani, baba akinifuata kwa mkongojo. Niliwaamkia shikamooni, wakaitikia marahaba huku wakilitazama sanduku kama maiti ya mtu wasiyemjua.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti wa baraza, "gramafoni hata sisi tumeziona. Hendeli iko wapi?"

Sikubishana naye. Niliwasha taa, nikasubiri, nikasukuma sahani kwa kidole. Ikazunguka. Niliweka santuri, nikashusha pembe ya kalenda, na matarumbeta yakalia ndani ya ofisi ya kanisa, membamba, yakiyumba. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine aliinama akachungulia chini kutafuta mtu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni gramafoni. Tumemkosea mwenzetu."

Nilitamani kupiga vigelegele. Lakini aliongeza swali, na sidhani alikuwa na nia mbaya. "Basi, mzee mwenzetu, siku zote ulikuwa ukiwashia spiriti kama hii?"

Ndiyo moja tu ingetosha. Nilimkazia baba macho, nikamwomba kwa macho.

"Hapana," alisema baba. "Ilipokosekana niliwashia gongo. Nilikuwa nainunua."

Nilimchukia kwa ukweli wake ule, na hata leo sijamaliza kumchukia. Wazee walinong'ona, wakaamua: kupika kumefutwa, lakini anayenunua gongo ni wa kundi la walevi, kwa hiyo Jumapili asimame atubu ulevi, marudi yaishe.

"Nitatubu kununua," alisema baba.

"Dhambi ya kununua hatuna, mzee. Tuna ya ulevi."

"Basi siwezi. Nitasimamaje mbele za Mungu nitubu pombe ambayo haijagusa ulimi wangu?"

Mama alimsihi. Mimi nilimfokea, jambo ambalo kwetu mtoto halifanyi. Alikohoa tu, akageukia ukutani. Hakusimama Jumapili hiyo wala iliyofuata, na kabla ukungu haujaisha alikufa.

Tulimzika nyuma ya migomba. Kengele haikupigwa. Watu walikuja wengi, wakiwamo wazee wa baraza, kwa sababu ujirani hauna marudi. Walichimba, walimbeba, walilia kweli. Kwaya yote ilikuwepo. Jeneza liliposhushwa, watu walibaki wakitazama miguu yao. Mama akaanzisha wimbo wa mazishi, ule ambao kila Mlutheri wa milima hii anaujua tangu utotoni. Hakuna aliyeupokea. Nilimfuata, lakini niliishia njiani nikilia. Aliuimba peke yake, ubeti kwa ubeti, bila kuruka hata mmoja, huku sauti zile zote nzuri zikiwa zimefunga midomo kumzunguka. Alipomaliza aliokota jembe, akamkabidhi mwenyekiti wa baraza.

"Haya, mfukieni," alisema. "Ameshaimbiwa."