Njoo na Chako

Mtaa mzima ulimwita Mama Viti, na hata mumewe alikuwa amelisahau jina lake la kwanza, au alijifanya amelisahau. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti. Vilikuwa vya mbao, vya kukunja, na aliyevichonga ni huyohuyo mumewe, seremala, zamani zile ambapo kitu kilitengenezwa ili kimzike mwenye nacho. Leo viti ni vya plastiki. Mtu mnene akicheka kwa nguvu, mguu mmoja unafyatuka, na kicheko kinahamia kwa wengine. Vya Mama Viti havikuwahi kumwangusha mtu. Kila viliporudi alivifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akavipanga ghalani mpaka juu, na akisikia kimoja kinakunjuliwa uani aliweza kukwambia ni kipi.

Anayepeleka viti harusini kwa miaka karibu thelathini huona mambo ambayo mgeni hayaoni, maana hufika kabla ya maua na huondoka baada ya mabaki. Siku moja alikuwa saluni, kichwa kimejaa povu, wanawake wakamwuliza aliionaje harusi ya juzi iliyofunga barabara. Akajibu bila kufumbua macho:

"Wanangu, kufunga ndoa kunahitaji watu kumi na wawili. Waliobaki wamekuja kuangalia nguo. Mimi nimeshapeleka viti harusini, na mwaka haujaisha nikaitwa nivipeleke kwa walewale, kwenye kikao cha kuwapatanisha. Safari hiyo waliomba vinane tu."

Saluni ikacheka mpaka maji yakamwagika. Zamani neno la saluni lingeishia saluni. Siku hizi mtu hawezi kucheka bila kuinua simu, na kabla povu halijakauka sauti ya Mama Viti ilikuwa imeshafika kwenye nyumba ambazo mwenyewe hajawahi kukanyaga.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa mshereheshaji wa harusi waliyemwita Kipaza, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili. "Anakula harusini, halafu anaitemea mate harusi!" alisema. "Kuanzia leo, harusi ninayosimamia mimi haiingii kiti chake. Na mimi sikalii kiti chake hata nikizimia. Niacheni chini!" Mwoka keki akamwunga mkono, mpambaji akaunga, mpiga muziki akaunga. Mgomo ukashika.

Wapo pia waliosimama upande wa Mama Viti. Vijana wawili waliokuwa wakiahirisha ndoa kila mwaka kwa kuogopa umati wakaja kukodi viti kumi na viwili, wakaoana sebuleni, wakavirudisha wakiwa bado wanacheka. Mwalimu mmoja mstaafu, anayeishi peke yake, akawa anachukua viti sita kila Jumamosi.

"Unavifanyia nini, mwalimu?"

"Navikalia kwa zamu. Ukinyamaza, hawa watu watakupangia mpaka namna ya kuketi."

Lakini kwa viti sita vya mwalimu ghala halipungui. Mama Viti alijifanya hajali, akavifuta viti visivyokwenda popote. Kilichomchoma kilitoka ndani ya nyumba. Kitinda mimba wake, msichana wa duka la dawa, alikuwa anaolewa na fundi redio, na tangu utotoni alikuwa ameota harusi ya kujaza uwanja.

"Mama, viti vyote vile vimelala, mimi nipewe kumi na viwili?"

"Nilichowaambia watu ndicho nitakachofanya kwangu."

"Hata hivyo kumi na viwili havitajaa! Umeshawakorofisha wote. Nitaolewa mbele ya mbao tupu." Akaanza kulia.

Baba yake, aliyekuwa akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, akasema, "Usilie, mwanangu. Mimi nitakalia viwili."

Hakuna aliyecheka. Mama Viti akaingia ghalani na kitambaa chake, akafuta kiti kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Alikumbuka harusi yake mwenyewe. Enzi hizo hakuna aliyejua kwamba kiti hukodiwa. Kila aliyekuja alikuja na pa kukaa: huyu kigoda, yule ndoo ya kupindua. Mtu alitoka kwake akiwa ameshaamua kukaa mpaka mwisho, maana nani abebe kiti kuja kupita tu? Seremala mwenyewe alikuja kuoa akiwa na benchi kichwani, na wakwe wakamwelekeza mlango wa nyuma wakidhani ni mbeba mizigo. Leo mtu anakalia kiti asichojua kimetoka wapi, anapiga picha ya sahani, anaondoka kabla bibi harusi hajamjua ni nani.

Kesho yake alimeza kiburi, akaenda kwa Kipaza. Alimkuta barazani akipiga viatu rangi. Njia nzima alikuwa amelifanyia mazoezi neno moja.

"Karibu, mama," alisema Kipaza. "Samahani, sikukaribishi kiti. Nisije nikaambiwa viti vyangu ni vingi mno."

"Mwanangu anaolewa Jumamosi. Nataka uje na mkeo."

"Sema kwanza kwamba ulikosea."

Mama Viti akafungua mdomo. Neno likapanda mpaka kwenye meno, likagoma.

"Niliyoyasema niliyaona kwa macho," alisema.

"Basi na mimi nimeapa. Kiti chako sikikalii."

"Kwani nani kakwambia ukalie changu? Njoo na chako!"

Akageuka, akaondoka. Kufika kona, akageuka kutazama alikotoka. Alikuwa ameenda kumwombea mwanawe watu, na sasa alikuwa amewafukuza hata wale ambao wangekuja kwa kujificha. Nyumbani alipitiliza moja kwa moja mpaka ghalani.

Lakini mke wa Kipaza alikuwa nyuma ya dirisha, amejiziba mdomo kwa kanga ili asisikike akicheka. Alilisimulia jibu la Mama Viti dukani, duka likalipeleka saluni, na kufika huko tusi lilikuwa limeshakuwa mwaliko: Mama Viti anasema Jumamosi kila mtu aende na chake. Hata waliogoma wakaona njia imepatikana. Kiapo kilikuwa cha viti vyake, hakikuwa cha harusi.

Jumamosi alipanga viti kumi na viwili uani, safu mbili. Bwana harusi na wazazi wake wakaketi, seremala na mkewe wakaketi, shangazi akaketi, mwalimu mstaafu akaketi akiwa amefunga tai. Vitano vikabaki vitupu. Bibi harusi alikuwa dirishani na shela lake, anavitazama hivyo vitano tu.

Ndipo kelele zikasikika barabarani. Wa kwanza kutokea alikuwa mwenye saluni, anasukuma kiti chake cha kazini chenye magurudumu kinachozunguka chenyewe kila kikikutana na jiwe. Nyuma yake mwoka keki, kigoda mkono huu na keki mkono ule. "Sikuioka kwa ajili yenu, ilibaki tu," alisema, na keki yenyewe imeandikwa majina ya maharusi. Wazee wawili walibeba benchi, na wa tatu amekaa juu yake akiwapungia watu mkono. Uwanja ukajaa, uchochoro ukajaa, wengine wakakaa upande wa pili wa ukuta wakawa wanauliza, "Tayari? Wameshakubaliana?"

Wa mwisho alikuja Kipaza, suti nyeusi, kigoda cha mtoto kwapani, kimechorwa bata wa njano. Mkewe alikuwa ameshatoka na kiti kizuri. Kipaza alipoketi magoti yalifika masikioni.

Bibi harusi alitoka nje, akasimama. "Mama, wamejaa."

"Nimewaona. Inua shingo, unalikunja shela."

Ndoa ilipofungwa, macho yote yakamgeukia Kipaza, kwa mazoea. Alipoinuka, kigoda kiliinuka naye, kimembana nyuma, na bata wakageukia hadhira. Watu walicheka mpaka mzee wa benchi akaanguka. Kipaza alijichomoa, akahutubia bila kipaza sauti, na hata walio nyuma ya ukuta walisikia kila neno. Mwisho akamnyooshea kidole mwenye nyumba.

"Ulisema kumi na wawili!"

"Nimetoa viti kumi na viwili," alijibu Mama Viti. "Nyinyi wengine mmejileta."

Walikaa mpaka taa za mtaani zikawaka. Katika kuondoka hakuna aliyeondoka na chake, na wiki nzima watu walikuwa wakibisha hodi nyumba kwa nyumba wakibadilishana viti, na kila mbadilishano ukawa na chai yake. Uani kwa Mama Viti kilibaki kigoda cha bata, na katika viti vyake kimoja hakikuwepo.

Alikichukua kigoda, akaenda. Kipaza alikuwa barazani anakula, sahani mapajani, amekalia kiti cha mbao cha kukunja. Akashtuka nusura apaliwe.

"Mama, nilikuwa nakipima tu."

"Kipime. Kimekufaa?"

Kipaza akajitingisha kidogo. Kiti hakikulia. "Kimenifaa," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Mama Viti akaweka kigoda chini, akakikalia.

"Wiki ijayo nina harusi," alisema Kipaza. "Watu mia tatu."

"Mia tatu ni wengi."

"Mama! Tunaanza tena?"

"Nimesema ni wengi," alisema Mama Viti. "Sijasema viti sina."