Nilimtolea Wifi Kipimo, Sasa Nimefukuzwa Jikoni Mwangu

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifunikeni kabisa, maana hapa Nkuhungu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu. Mume wangu alipunguzwa kazi shirika lao lilipouzwa, na kiinua mgongo chake ndicho tulichofungulia mgahawa wa mabati. Napika wali maharage, ugali wa uwele na mlenda. Mgahawa huo ndio unaotulisha, hatuna kingine.

Mwaka jana mume wangu alimleta dada yake kutoka Kongwa anisaidie. Wifi ni mchapakazi, hilo siwezi kumnyima, lakini macho yake sikuyapenda tangu siku ya kwanza. Anajua mteja yupi ni wa kwangu na anapenda nini. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mume wangu, "Kaka, mimi ningeachiwa jiko hili, ungeona." Nikilalamika naambiwa nina wivu.

Basi bwana afya akapita, akasema hakuna kupikia watu bila cheti. Tukahudhuria mafunzo siku mbili ofisi ya kata: kucha fupi, kilemba kichwani, maji ya kunywa yachemshwe. Baada ya hapo tukatakiwa kupimwa, na kila mtu apeleke choo chake ndani ya kiberiti kitupu, kama mnavyojua wenyewe.

Asubuhi ya kupima, wifi akanivutia uani, machozi yanamlengalenga.

"Wifi yangu, nisitiri. Leo siku ya tatu sijapata choo. Nikikosa cheti kaka atanirudisha Kongwa. Nigawie kidogo chako, nani atajua?"

Nikamhurumia, mjinga mimi. Nikachota kwa kijiti, nikajaza viberiti viwili, nikaandika jina langu kwenye kimoja na lake kwenye kingine. Nikavipeleka mwenyewe hadi dirisha la maabara, wala havikupita mkono mwingine.

Majibu yalipotoka, karatasi yangu ilisema nina amiba, nisiguse chakula cha watu mpaka nitibiwe na kupimwa upya. Ya wifi ilisema yuko safi, na siku hiyohiyo akapewa cheti chenye muhuri. Jamani, choo ni kimoja! Kimetoka tumboni mwangu mimi! Mwanzoni nilijipa moyo kwamba labda vijidudu vilikaa kwenye kiberiti kimoja tu, sijui, mimi si daktari. Halafu nikakumbuka kwamba yule wa maabara alikuwa mteja wetu, na wifi ndiye aliyekuwa akimpakulia, nyama juu ya nyama. Nikakumbuka zaidi. Huyo aliyesema hana choo siku tatu, wiki hiyohiyo nilimwona akikimbilia chooni na kopo la maji mara mbili kabla hata chai haijachemka. Niliona nikapuuza.

Mume wangu nilimwambia tu kwamba siiamini karatasi ile. Akanijibu, "Karatasi haina wivu, mke wangu. Mwenye wivu ni wewe."

Siku hizi jiko ni la wifi, na amepanga chumba chake karibu na mgahawa. Mimi nakaa nyumbani nameza vidonge, kupimwa tena bado. Mume wangu hali tena chakula nilichopika. Hata binti yetu mdogo, wa miaka minne, baba yake amekataza nisimpikie, anakula mgahawani kwa shangazi yake. Na juzi mtoto alianza kuharisha. Nilimkimbiza zahanati akapewa dawa. Niliporudi naye mgongoni, mume wangu hakuuliza anaumwa nini. Alisema, "Umeona sasa? Umemwambukiza mwanangu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, kilemba cheupe kichwani. Akasema kwa upole kabisa, "Pole wifi. Kaka, mtoto si aje alale kwangu mpaka mama yake apone?" Akaniangalia usoni. Alijua siwezi kufungua mdomo.

Nikisema ukweli, bwana afya atauliza ni nani aliyejaza kiberiti cha pili, na ni mimi. Watatufungia mgahawa, na mume wangu hatanisamehe kwa kumharibia dada yake na riziki ya nyumba kwa pamoja. Nikinyamaza, mji mzima unaendelea kula kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa, na mwanangu ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Najua nilikosea, msinitukane sana. Nipeni akili wenzangu, nianze kumwambia nani, na nianzeje? Msikawie kunijibu, kwa sababu nguo za mtoto zimeshafungwa, na mimi ndiye niliyeambiwa nizifunge.