Foleni ya Mawe Stendi ya Bunda

Jenoveva, mama Robi, hakuajiriwa na mtu pale stendi ya Bunda. Aliuza uji na viazi, basi. Lakini miaka ile ya shida, mafuta ya gari yalipoadimika kama sabuni, alijikuta ana cheo ambacho hakukiomba: mlinzi wa foleni. Watu walishuka kwenye boti za Ukerewe, wakapanda magari ya Kibara, wakamwagika Bunda kungoja basi la Mwanza au la Musoma, nalo lilikuja likipenda. Nani angesimama juani kutwa nzima? Kila mtu aliweka jiwe mahali pake, akaenda kutafuta kivuli na ugali. Mawe yakakaa foleni badala ya watu, na Jenoveva akayalinda kwa mwiko wake wa uji.

Alikuwa mkali, tena mkali wa kupitiliza. Ofisa mmoja aliyekuja na kaunda suti na kimemo alielekezwa nyuma ya jiwe la mwisho. Machage, mfanyabiashara wa ngozi, alisogeza jiwe lake mbele ya la ajuza mmoja, akala mwiko wa mgongo hadharani, uji ukamganda kwenye shati. Watu walicheka, wakampigia Jenoveva makofi. Sifa ni tamu, na maskini ya Mungu alizilamba zote.

Asubuhi moja dereva wa lori la dagaa alimletea habari kutoka kwao Bukima: mama yake yu taabani, anamtaka yeye, mzaliwa wa kwanza. Jenoveva akaepua sufuria, akaokota jiwe, kisha akasita. Alijua akiliweka mbele hakuna wa kumpinga. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na Machage naye alikuwemo. Akalipeleka mwisho kabisa, akasema kwa sauti kwamba mama yake anakufa, akangoja mtu mmoja tu amwambie apite mbele. Wale wale waliompigia makofi walitazama chini.

"Subira huvuta heri, Mama Robi," alisema Machage. "Si unatufundishaga mwenyewe?"

Basi lilikuja, likajaa kabla ya kufikia jiwe lake. Kondakta Stanislausi alimnong'oneza, "Mama Robi, pandia huku kwa dereva, utakaa kwenye injini." Akatikisa kichwa. Ilikuwa haki au kiburi, hata yeye hakujua. Basi la kesho yake lilikatika springi Lamadi, halikufika. Alipokanyaga Bukima, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

Mdogo wake, Pelagia, hakumpa hata maji ya kunywa.

"Kila lori likipita alikuwa anauliza, ni Jenoveva? Mpaka sauti ikaisha. Sasa niambie, wewe unakaaga stendi, unakosaje basi?"

Jenoveva akaeleza habari za foleni na mawe. Waliokuwa matangani wakamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Tangu siku hiyo Pelagia hakumtumia hata salamu.

Mambo yakageuka. Serikali ikalegeza kamba, ikaja mitumba, zikaja sabuni za kila rangi, yakaja mabasi ya watu binafsi yakigombania abiria kama mwewe wanavyogombania vifaranga. Machage mwenyewe akanunua moja. Foleni ikafa, mawe yakazolewa na mwenye hoteli akajengea jiko. Haki aliyoitumikia Jenoveva kwa gharama ile haikuwa na mteja tena, na wapiga debe walimfukuza na sufuria yake kwa kuziba njia.

Ndipo ikaja habari nyingine kutoka Bukima: Pelagia anaumwa. Jenoveva hakuaga mtu. Wapiga debe walimnyang'anya mkoba, wakamkalisha dirishani, na Musoma alikuta gari la Bukima likiunguruma. Njiani alijikuta akitabasamu peke yake, maana safari hii hakuchelewa. Labda leo atasamehewa.

Pelagia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka mipaka ya Bukima, alikuwa amelala mkekani, amekonda, macho yako mlangoni.

"Umepata habari lini?"

"Leo asubuhi, mdogo wangu. Nimekuja hapo hapo."

Nje jua lilikuwa ndiyo kwanza linafika utosini. Pelagia alilitazama kitambo kirefu.

"Kumbe kutoka Bunda ni mwendo wa asubuhi tu," alisema, akageukia ukutani.