Makaburi ya Nyuma ya Soko

Edina alizaliwa Kingerikiti, kwenye mashamba ya mahindi na mihogo, lakini ziwa ndilo lililomlisha. Aliolewa Mbamba Bay, akafiwa na mume mapema, akabaki na biashara ya usipa, dagaa wa ziwani: ananunua kwa wavuvi alfajiri, anaanika mchangani, anapandisha magunia Mbinga kwa lori. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na kulipa taslimu, watu wa milimani wakawa wanakula samaki wengi kuliko zamani, na Edina akawa mtu wa mbio. Hakuwa na roho mbaya. Alimwezekea mama yake nyumba ya bati, na kila lori lilipopita Kingerikiti alishuka na sabuni na chumvi.

Na kila aliposhuka, mama yake, Bibi Anjelina, alimwuliza swali lilelile.

"Kwa dada yako umepita?"

"Nimepita, mama. Pazuri tu. Nimepalilia."

Alikuwa akimdanganya.

Dada huyo, Hildegardi, alikuwa mkubwa wake. Mwaka mmoja wa mvua nyingi alipelekwa hospitali Mbinga, akafia huko. Barabara ya kushukia kwao ilikuwa imekatika, hakuna dereva aliyekubali kubeba maiti, ikabidi azikwe mjini, kwenye makaburi madogo yaliyokuwa nyuma ya soko. Mama yao alipata habari matanga yakiwa yameshaanuliwa. Katika ukoo mzima, Edina peke yake, aliyekuwa amekwama Mbinga na magunia yake, ndiye aliyesimama pale wakati udongo unarudishwa. Yeye tu ndiye aliyejua kaburi ni lipi.

Baadaye soko likapanuliwa. Wafanyabiashara walitaka viwanja vya maghala, na serikali ikatoa tangazo: wenye ndugu nyuma ya soko wafike kabla ya mwisho wa Agosti kuonyesha makaburi yao, ili marehemu wahamishiwe makaburi mapya kwa majina. Tangazo likapelekwa hadi ziwani, likasomwa kanisani baada ya misa. Edina alikuwa amekaa mbele, akalisikia neno kwa neno. Lakini wiki ile usipa ulikuwa umejaa mchanga wote, na tajiri wa Songea alikuwa ameahidi kuleta lori. Akasema moyoni, wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema vilevile. Siku alipopanda Mbinga alikuta greda limeshapita, na pale alipolala Hildegardi pana lundo la matofali. Akashusha magunia yake, akauza, akarudi ziwani. Hakumwambia mtu.

Ikapita miaka miwili ya "nimepalilia". Kisha mwezi mmoja wa Oktoba Bibi Anjelina akamshika mkono mlangoni.

"Mwaka huu, Siku ya Marehemu Wote, unipeleke kwa mwanangu. Miguu yangu imeanza kuaga."

Edina akaitikia.

Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye benchi la ofisi za wilaya, akiomba kuonyeshwa kumbukumbu za makaburi yaliyohamishwa. Mama Luisa wa masjala alimsikiliza, akampa karatasi na kalamu.

"Kumbukumbu zipo, zinatunzwa na bwana afya. Andika barua ya maombi. Useme marehemu ni nani wako, na kwa nini hamkufika wakati wa kuhamisha."

Hapo kwenye "kwa nini", kalamu ilimgandia. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake yenye magamba ya samaki, halafu akaandika haraka: Tangazo halikutufikia sisi wa ziwani.

Bwana afya alikuwa mtu wa Pangani, mpole. Aliisoma barua ile, akavua miwani.

"Halikuwafikia? Pole sana, mama yangu. Kumbe kosa ni letu." Akamgeukia mama Luisa. "Ziwani alitumwa Joakim, yule tarishi. Akarudi akasema amelifikisha. Barua hii iwekwe kwenye faili lake. Tunaambiwa tupunguze watumishi, na hatujui tuanze na nani. Wazembe wanajionyesha wenyewe." Kisha akamwambia Edina kwa upole, "Rudi mchana, mama. Nitakuwa nimekutolea daftari."

Edina akashukuru, akatoka. Lakini barazani alimkuta Joakim mwenyewe amechuchumaa, anajaza upepo baiskeli yake. Walifahamiana. Mara nyingi alifika Mbamba Bay amelowa jasho, mfuko wa barua begani, akaomba maji nyumbani kwa Edina.

"Mama usipa!" akamwita kwa furaha. "Shikamoo. Umehudumiwa vizuri? Kama wanakuzungusha niambie, nikusemee."

Edina aligeuka, akarudi ndani bila kubisha hodi.

"Naomba barua yangu," alisema.

"Kuna ulichosahau?" bwana afya akauliza.

"Nililisikia tangazo. Lilisomwa kanisani, nimekaa mbele kabisa. Joakim alilifikisha. Mimi ndiye sikuja."

Mama Luisa akajifanya anapanga mafaili.

"Ulizuiwa na nini?" bwana afya akauliza.

"Nilikuwa na usipa mchangani."

Sababu ile ilikuwa imemkalia kifuani miaka miwili kama jiwe la kusagia; ilipotoka mdomoni ikawa nyepesi, ya aibu, kitu cha mtoto aliyeacha mbuzi akaenda kucheza. Bwana afya hakumkemea. Alimrudishia barua akampa karatasi nyingine, na Edina akaandika upya, safari hii polepole.

Daftari likafunguliwa. Waliotambuliwa na ndugu walikuwa na majina na namba. Mwishoni palikuwa na ukurasa wa wasiotambuliwa, na humo, chini ya watoto na wanaume, mstari mmoja: wanawake watu wazima, wanne, karibu na mikaratusi.

"Yupi ni wako hatuwezi kujua," alisema bwana afya. "Hapakuwa na wa kutuonyesha."

Joakim alipunguzwa kazi mwaka uliofuata, pamoja na wengine wengi. Haikuwa kwa barua ya Edina, ile ilichanwa palepale. Hata hivyo aliposikia, Edina alikosa usingizi.

Siku ya Marehemu Wote ya mwaka uleule wa barua ikafika. Njiani alikuwa ameshaamua: atachagua kaburi moja kati ya yale manne, aseme ni hili, mama asali, yaishe. Walipofika makaburi mapya, chini ya mikaratusi, Bibi Anjelina alisimama akiegemea fimbo, akatazama yale matuta manne ya udongo yaliyoota nyasi.

"Lipi?"

Edina aliinua mkono. Kidole kikakosa pa kuelekea, mkono ukashuka.

"Sijui, mama." Akaeleza yote, hadi usipa, hadi lori la Songea.

Mama yake aliendelea kuyatazama makaburi.

"Kingerikiti pia tangazo lilisomwa," alisema hatimaye. "Nilifua gauni langu, nikakaa barazani kungoja uje unichukue, maana mwenye kulijua kaburi ni wewe. Kila lori lililosimama nilinyanyuka."

"Ulijua? Miaka yote hii? Mbona hukuniambia, mama?"

"Kila nikikuuliza unanijibu umepalilia. Nilikuwa nangoja siku utakayochoka."

Edina alitaka kupiga magoti, lakini mama yake alikuwa ameshamnyooshea jembe walilokuja nalo.

"Anza na lile la pembeni. Na haya mengine usiyaruke. Hawa nao wamekosa watu."

Akalima. Jua lilipanda, mikono ikamtoka malengelenge, naye hakuthubutu kupumzika. Bibi Anjelina alikaa kwenye nyasi, kanga kichwani, akisali rozari kwa lugha ya nyumbani, macho yake kwenye makaburi, si kwa binti yake. Alipomaliza alifungua kitambaa, akatoa muhogo wa kuchemsha, akamkatia Edina kipande.

"Kula. Njia ni ndefu."

Edina alikipokea kwa mikono miwili. Alikitafuna muda mrefu sana.