Misa ya Mama Aliyechoka

Wiki iliyopita, barazani pa kanisa letu hapa Bukoba, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Buhembe aliyekuja kuomba misa. Katekista akamwuliza bila kuinua macho, "Marehemu ni nani?"

"Si marehemu, mwalimu. Ni mimi."

"Unaumwa nini?"

Mama akaitazama mikono yake, iliyokuwa myeusi kwa kuchuma kahawa. "Siumwi. Nimemuuguza mama mkwe mpaka tukamzika, na nyumba nzima inaniegemea. Nikipiga magoti kusali, maneno hayaji. Nimechoka mpaka rohoni."

Katekista akaweka kalamu chini, akamtazama. Kisha akaishika tena, akaandika.

Jumapili, kabla padre hajaanza Kilatini chake, katekista alitangaza, "Misa hii ni ya mama aliyechoka." Wanawake wakainamisha vichwa, kila mmoja kama aliyetajwa jina. Nami niliinama.

Mama mwenyewe hakuwapo. Jirani yake aliniambia kwamba amelala, na mumewe amewakataza watoto wasimwamshe.

Nadhani Mungu hakungoja amina yetu.