Pikipiki Iliyolala Bandani mwa Kuku

Mke wangu aliacha kumeza ugali mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa tano hata chai ilikuwa inarudi. Daktari alituonyesha picha ya koo lake la chakula, mahali lilipozibwa na uvimbe, akataja saratani kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kusikika nje. Alisema wangeweka mpira mwembamba ndani ili uji upate njia. Habari za kupona hakuzigusa, na sisi hatukumuuliza. Mpira ulipokwisha kuwekwa, jirani alitubeba kwenye gari lake mpaka nyumbani, mtaa wa Munyaka hapa Eldoret. Tulipofika getini mke wangu akanishika mkono.

"Ile pikipiki ya baba yako," alisema. "Nataka unipeleke nayo Timboroa tena."

Nilidhani dawa zimemchanganya. Pikipiki hiyo ilikuwa imelala ubavu ndani ya banda la kuku, chini ya magunia, tangu binti yetu akiwa shule ya nasari. Ni ya Kiingereza, ya silinda moja, nzito kama ndama. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja upande wa Timboroa, na mzungu huyo alipofungasha kurudi kwao akamwachia. Baba aliiendesha hadi magoti yakakataa, kisha akanipa mimi. Wakati wa uchumba nilimbeba mke wangu juu yake, barabara ya Nakuru, baridi ya msitu ikitukata masikio, yeye amejifunga leso kichwani na kunikumbatia kiunoni. Alidai anaogopa kona. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba hakuwa anaogopa chochote.

Kesho yake asubuhi niliikokota nje, kuku wakanipigia kelele.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, kwa hivyo chuma si kitu kigeni kwangu. Nyuma ya nyumba nina karakana ya mabati yenye meza ya mbao na jiliwa la kubania vyuma. Lakini nilipoifungua ile injini nilikuta balaa. Pistoni ilikuwa imegandana na silinda kama zimeyeyushwa pamoja. Panya walikuwa wamekula nyaya zote. Ndani ya tangi kutu ilitoka vipande vipande, vingine vikubwa kama kucha. Nilimimina mafuta ya taa juu ya pistoni nikaiacha iloweke, nikarudi kila saa kuigonga kwa kipande cha mbao, taratibu, huku nikiiomba. Naam, niliiomba kwa maneno, kama mtu. Siku ya tisa ikasogea upana wa uzi, nikakaa chini nikalia.

Binti yetu ni muuguzi Nakuru. Alichukua likizo akaja kumtunza mama yake. Kila mara alikuja mlangoni pa karakana.

"Baba, Mama anakuita."

"Naja sasa hivi."

Nilikuwa nakwenda, ndiyo, ila baada ya nati moja zaidi, kisha nyingine. Nitasema ukweli, maana hakuna faida ya kuuficha sasa. Chumbani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anakonda mbele ya macho yangu, na sikuwa na la kufanya. Karakanani kila shida ilikuwa na spana yake. Nilijiambia kwamba ninamfanyia yeye, kwamba siku zimebaki chache na lazima nikimbie. Nilikuwa nakimbia kweli, ila si kuelekea kwake.

Ringi za pistoni hazikupatikana Eldoret nzima. Niliifunga silinda ndani ya kitambaa nikaipeleka mtaa wa Huruma, kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Aliigeuzageuza akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni ya makumbusho. Wacha nikuambie ukweli, chuma chenyewe kimechoka."

"Jaribu tu."

"Nikichonga ipasuke, utanilaumu."

"Sitakulaumu. Ni ya mama watoto. Ni mgonjwa." Nikajikuta nimemshika mkono wenye grisi, mtu nisiyemjua, na siuachilii.

Fundi aliutoa mkono wake taratibu. Akazima mashine, akaingia nyuma, akatoka na ringi za injini ya pampu ya maji. Alizisaga moja moja kwa mkono mpaka zikakaa. Nilirudi nyumbani na silinda kifuani kama nimebeba mtoto mchanga.

Ilikuwa alasiri ya siku iliyofuata. Binti yetu alikuwa ameenda kuchukua dawa mjini, akaniachia maagizo: uji kijiko kimoja kimoja, na nisiondoke kando ya kitanda. Nilimlisha mke wangu vijiko vinne. Akafumba macho, nikadhani amelala. Nikaenda karakanani kusafisha rimu ya gurudumu, dakika tano tu, nikawasha mashine ya kusaga kutu. Mashine ile ikilia husikii hata mvua juu ya mabati.

Niliposhtuka, binti yetu alikuwa amesimama mbele yangu akipiga kelele ambazo sikuzisikia, naona mdomo tu. Nikazima.

"Amepaliwa! Nimemkuta chini, Baba! Chini!"

Mke wangu alikuwa ameamka, akajaribu kunywa uji mwenyewe, ukamkwama. Alikuwa amenyoosha mkono kugonga ukuta, kikombe kikaanguka naye akaanguka. Binti alimlaza ubavu na kumtoa uji kooni. Nilipoingia alikuwa anapumua kwa shida, midomo imepauka, nywele zimeloa uji. Alinitazama. Sikuona hasira. Ningependelea hasira.

Jioni, alipopata sauti kidogo, aliniambia nikae kitandani.

"Unajua kwa nini nilikuambia utengeneze ile pikipiki?"

"Unataka kwenda Timboroa."

"Nitakaaje juu ya pikipiki mimi? Nitazame." Akapumzika. "Nilikupa kazi. Ulikuwa unakaa hapo kwenye kiti unaniangalia kama nimeshakufa. Nikasema, huyu akipata kitu cha mkono atatulia. Sikujua utahamia huko."

Nilimshika mguu juu ya blanketi, mguu uliobaki mfupa.

"Sasa niiache?"

"Usiiache. Ilete hapa."

Basi nikaileta, kwa vipande. Nilitandika magazeti sakafuni kando ya kitanda nikaifungua karabureta hapo. Chumba kikanuka petroli, binti akalalamika, mama yake akamwambia afungue dirisha. Nilimpa mke wangu kipande cha msasa na plagi ya zamani ya injini, akaisugua ikiwa juu ya kifua chake, dakika mbili, anapumzika, dakika mbili. Wiki tatu tulikaa hivyo. Alizidi kudhoofika kila siku. Ule mpira kooni ukaanza kuziba, na kila kijiko kikawa vita. Usoni nilijaribu kutulia, lakini ndani nilikuwa napiga yowe kutwa.

Jumapili moja mchana, watu wakitoka kanisani, niliisukuma pikipiki mpaka chini ya dirisha. Binti alimketisha mama yake kitini, mito huku na huku. Nilipiga kiki mpaka paja likatetemeka. Ilikohoa, ikanyamaza. Nikasafisha plagi, nikapiga tena. Mara ikashika. Ilinguruma moshi ukajaa uani, kuku wakaruka ua, nami nikageuka kumtazama. Alikuwa amepitisha mkono dirishani, kiganja juu ya tangi, mkono mzima unatikisika. Alitaka kucheka, kicheko kikawa kikohozi.

Ilidumu kama dakika nne. Kisha nikasikia mlio mkavu, chuma juu ya chuma, na injini ikakwama pale pale. Nilijua kosa langu kabla moshi haujatawanyika: kwa haraka zangu sikuzibua mrija wa mafuta ya injini. Niliusahau. Nilipiga teke tairi, nikatukana kwa mara ya kwanza mbele ya binti yangu.

"Nitaifungua kesho," nilimwambia mke wangu. "Wiki moja tu. Nipe wiki moja."

"Wiki sina," alisema.

Alikuwa na siku kumi na moja. Alifia hospitalini asubuhi, mimi na binti yetu tukiwa kila mmoja upande wake. Nilikuwa nimemshika mkono. Hilo angalau sikulikosa.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, tulibaki wawili jikoni na mlima wa sahani. Nilimuuliza binti yangu jambo lililokuwa likinichoma.

"Ile siku ya uji. Mama alisema nini juu yangu?"

Alisuuza sahani, akaiweka. "Alisema tusikulaumu."

"Na wewe?"

"Mimi bado nakulaumu kidogo, Baba."

"Hata mimi," nilisema.

Akanipa kitambaa, nikaanza kukausha vikombe.